Fangasi wa Mdomoni Baada ya Kupandikizwa Uboho

Candida albicans ni fangasi wa jamii ya chachu anayeishi kinywani mwa takriban nusu ya watu wazima wenye afya, na wengi wao hawajui kama yupo. Mate humsukuma tumboni, bakteria wa kinywa humnyima nafasi, na chembe nyeupe za damu humzuia asipenye. Kuwa naye si ugonjwa. Ugonjwa huja walinzi hao wanapodhoofika, na kupandikizwa uboho huwadhoofisha wote kwa mpigo.

Tanzania ilianza kutoa tiba hiyo mwaka 2021 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa wagonjwa wa saratani ya damu iitwayo mayeloma. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata kwa watoto wenye selimundu.

Kwanza mgonjwa hupewa dawa kali za kufuta uboho wa zamani. Kwa majuma mawili hadi manne hivi, chembe nyeupe hukaribia kuisha. Dawa hizohizo huchubua mdomo na kupunguza mate, huku antibiotiki zikiua bakteria walioshindana na fangasi. Utandu mweupe hutanda ulimini, kumeza kunauma. La kutisha zaidi ni fangasi kupita kwenye michubuko ya mdomo au utumbo hadi kwenye damu, maana hapo huua wengi. Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 flukonazoli hutolewa mapema, kabla ya dalili. Imeokoa maisha, lakini Candida krusei hadhuriki nayo kwa asili, na Candida glabrata huizoea upesi. Albicans akiondolewa, hao hushika nafasi yake.

Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, ziko mbali na hospitali hizo, ila kinga huweza kuanguka huko pia, hasa kwa virusi vya Sida. Shirika la Afya Duniani huhesabu utandu wa mdomoni usiokwisha kuwa dalili ya hatua ya tatu ya maambukizi hayo. Ukishuka kwenye umio, ni hatua ya nne. Kwa mtoto mchanga utandu ni kawaida, na matone ya nistatini mara nyingi hutosha. Kwa mtu mzima asiye na kisukari, asiyetumia antibiotiki wala dawa ya pumu ya kuvuta, unadai kipimo cha damu cha virusi vya Sida bila kuchelewa. Vidonge viwili vya kununua sokoni havitoshi: flukonazoli humezwa kila siku kwa siku 7 hadi 14, na kwa mwenye virusi, dawa za kuvipunguza ndizo hurudisha kinga inayomzuia fangasi asirudi.