Rangi za Nebula na Utata wa Istilahi "Rangi Bandia"



Picha za nebula, yaani mawingu makubwa ya gesi na vumbi yaliyo baina ya nyota, zimeenea vitabuni, magazetini na katika intaneti. Wazitazamapo, wengi huuliza: je, rangi hizo ni za kweli? Mhadhara huu unadai kwamba swali hilo, ingawa linaonekana kuwa la wanaastronomia, kwa kiasi kikubwa ni la kiisimu.

Kwanza, ni vema kueleza jinsi picha hizo zinavyotengenezwa. Mwaka 1949 darubini ya Schmidt iliyoko Palomar, California, ilianza upimaji wa anga la kaskazini, kazi iliyokamilika mwaka 1958. Kila eneo lilipigwa picha mara mbili juu ya mabamba ya kioo: bamba moja lilipokea mwanga wa buluu, la pili mwanga mwekundu. Upimaji mwingine, ulioanza miaka ya 1980, uliongeza bamba la mwanga wa infraredi, ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Baadaye mabamba hayo, pamoja na ya anga la kusini yaliyopigwa Australia, yaligeuzwa kuwa data za kompyuta zinazopatikana bila malipo.

Ikumbukwe kwamba hakuna bamba hata moja lenye rangi. Kila moja huonyesha kiasi cha mwanga tu, kwa weusi na weupe. Mtengenezaji huchukua picha tatu za eneo moja, huzipanga mpaka nyota zilaliane sawasawa, hurekebisha mwangaza ili sehemu hafifu zionekane, kisha huipa kila picha rangi yake. Ya infraredi hutiwa nyekundu, ya mwanga mwekundu hutiwa kijani, na ya buluu hubaki buluu. Palipo na mabamba mawili tu, nafasi ya kijani hujazwa kwa wastani wa hayo mawili.

Picha mashuhuri ya nguzo za gesi katika Nebula ya Tai, iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995, ilifuata kanuni ya namna hiyo. Mwanga wa salfa ulitiwa nyekundu, wa haidrojeni kijani, na wa oksijeni buluu. Lakini mwanga huo wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 656, kwa asili ni mwekundu, na wa salfa vilevile. Lau rangi za asili zingeachwa, jicho lisingeweza kuzitenganisha gesi hizo mbili. Hata anayetazama nebula hafifu kwa darubini ya kawaida huiona kijivu, kwa sababu seli za jicho zinazotambua rangi huhitaji mwanga mwingi zaidi.

Hapa ndipo istilahi "rangi bandia" inapoleta utata. Ni kweli kwamba meno ya bandia hayakusudiwi kumdhulumu mtu. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku neno hilo huambatana na noti bandia na dawa bandia. Mwanafunzi akilikuta chini ya picha ya nebula, atadhani picha yenyewe ni uzushi, ilhali kila nukta yake imetokana na mwanga uliopimwa. Kilichochaguliwa ni rangi ya kuuwakilisha mwanga huo, kama vile ramani inavyotia kijani nyanda za chini bila kudai kwamba zote zina majani. Istilahi "rangi wakilishi" ingeafiki dhana hiyo vizuri zaidi.

Aidha, Kiswahili kina hazina ya kulieleza jambo hili. Mashina ya asili ya vivumishi vya rangi yanayopokea upatanisho ni matatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa vitu vinavyofanana nazo: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, zambarau kwa tunda. Lugha hutofautisha pia kitu "kilicho na rangi" na kitu "kilichotiwa rangi".

Kwa hiyo, wafasiri na waandishi wa vitabu vya shule wanashauriwa kuandika "haidrojeni imetiwa kijani", wala si "haidrojeni ni ya kijani", na kutaja kila rangi inawakilisha mwanga gani. Bila maelezo hayo, hata istilahi "rangi wakilishi" haitamsaidia msomaji.