Glasi ya Jioni

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya watu wawili wakaao katika mwili mmoja. Wa kwanza ni mgonjwa wa sukari, wa pili ni mnywaji wa pombe. Siku ya kliniki huja yule mgonjwa na kadi yake, na mnywaji ameachwa nyumbani. Jioni huenda mnywaji kwa mama pima, wala hasemi neno juu ya sindano yake. Nasi wa kanisani, Jumapili, hatuonyeshwi hata mmoja wao.

Fikirini mtu atokaye Laini Saba kule Kibera, au Gatina kule Kawangware, alfajiri kutafuta kibarua. Amejidunga insulini, amekunywa chai. Mchana pengine hakupata chakula. Jioni analipwa, na njia ya kurudi nyumbani inapita penye chang'aa, ambayo glasi yake mara nyingi ni rahisi kuliko sahani ya wali na maharagwe.

Wengi hudhani kwamba ubaya wa pombe kwa mtu huyu ni kupandisha sukari tu. Busaa, iliyo ya unga na kimea, huweza kuipandisha kweli. Lakini hatari iuayo usiku ule ule ni kinyume chake. Mtu asipokula, ini lake ndilo hutoa sukari ya kuulisha mwili. Pombe ikiingia, ini hushughulika nayo na kuiacha kazi ile, huku insulini, au vidonge vingine vya sukari, vikiendelea kuishusha. Saa kadhaa baadaye mtu anatoka jasho, anatetemeka, anayumba, anasema ovyo. Ananuka pombe, basi watu husema, "Amelewa, mwacheni alale." Wengine hawaamki.

Ndugu, mkimjua mtu kuwa ana sukari, msimwache alale hivyo. Akiweza kumeza, mpeni soda au maji ya sukari, kisha chakula. Akiwa amezimia msimtie kitu kinywani. Mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali. Na chang'aa yenyewe haina kipimo, hakuna ajuaye kilichomo. Novemba 2000, kule Mukuru hapa Nairobi, pombe yenye sumu iliua zaidi ya watu 100, na wengine wakapofuka. (Wako wanaotuletea habari za Timotheo na tumbo lake. Timotheo hakupewa chang'aa.)

Miaka michache iliyopita tulimtembelea baba mmoja wa Kawangware, fundi wa mawe, mwenye kidonda mguuni kisichopona. Tulikwenda na karipio tayari mdomoni. Tukamwombea, tukamwambia aache pombe, naye akaitikia "Ndiyo, wazee" mara tatu. Tulipotoka, mkewe akatufuata hadi kwenye kona ya ploti akasema, "Hivyo ndivyo awaambiavyo hata kule kliniki."

Neno hilo lilituuma. Tulikuwa tumemfundisha kusema uongo, maana kanisani kwetu anayekiri glasi moja husimamishwa Meza ya Bwana. Tukakumbuka ya kuwa Bwana Yesu, pale birikani, alianza kwa kumwuliza mgonjwa kama anataka kupona.

Madaktari nao wamejua thamani ya kuuliza. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika nchi 8, Kenya ikiwamo, uliochapishwa mwaka 1996. Wanaume waliokuwa wakinywa kupita kiasi, wakapewa dakika 5 za ushauri, walipunguza sawa na walioshauriwa kwa muda mrefu zaidi. Hao hawakuwa watu waliokwisha kufungwa na pombe. Atetemekaye kila asubuhi mpaka apate glasi asiache ghafula peke yake, maana kuacha hivyo kwaweza kumwua. Huyo apelekwe kwanza kwa daktari.

Juma lililofuata tulirudi, safari hii wawili tu, pamoja na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa ule. Wengi wa wahudumu hao walipewa na serikali kipima-sukari mwaka 2023. Hatukuanza na karipio. Tuliuliza, "Baba, jana ulikunywa glasi ngapi?" Akatutazama kwa kitambo. "Sita." Ulikuwa umekula nini? "Sikula." Je, asubuhi hutetemeka? La. Mhudumu akampima, akamweleza habari za ini kama tulivyowaeleza ninyi. Kisha tukamwuliza yeye mwenyewe angeweza kubadili nini.

Akawaza. Akasema pesa ya siku ataikabidhi nusu kwa mama watoto kabla ya yote. Atakula kwanza. Jumatatu hadi Alhamisi atapita njia ya juu, ambako hakuna mama pima. Tulitamani aseme ataacha kabisa, na tukamwambia wazi kwamba hilo ndilo lingemfaa, hasa kwa mguu ule. Lakini hatukumlazimisha kutuahidi. Na wazee, baada ya mabishano marefu, wamekubali asisimamishwe.

Mwezi uliopita alitwambia Ijumaa bado inamshinda. Tukamwuliza, glasi ngapi? Akasema mbili, tena baada ya ugali. Mhudumu akaandika mbili.