Mikutano Yetu Iache Kitu kwa Walio Hai

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu za mwaka mmekwisha kuzisoma, wala hatutazirudia. Twataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni mikusanyiko yetu: kwa nini twakutana, na tukisha kutawanyika ni kitu gani kinachobaki.

Mgeni akipita katika nchi yetu siku ya Ijumaa au Jumamosi, akitoka Kisumu kwenda Bondo, au Ahero, au Homa Bay, ataona mahema yamesimamishwa katika maboma ya watu, magari yamepangwa kando ya njia, na vipaza sauti vyasikika mbali. Huenda akadhani ni arusi, kumbe ni mazishi. Hakuna jambo liwakusanyalo watu wa ufuko huu kwa wingi kama kifo. Ndugu yetu akifariki Nairobi au Mombasa, hatutulii mpaka mwili umefika nyumbani na kulazwa katika ardhi ya baba zake. Kenya nzima iliona uzito wa jambo hilo katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, asizikwe mpaka Mei 1987, huko Nyalgunga katika Siaya, baada ya miezi mitano ya mashindano mahakamani.

Desturi hiyo twaiheshimu, nasi wenyewe twatumaini kuzikwa kwetu. Lakini hatuna budi kutazama yale yafuatayo. Jeneza hununuliwa, gari hukodiwa, chumba cha maiti hulipwa, ng'ombe huchinjwa, mchele na sukari huletwa kwa magunia. Kila mtu hutoa alichonacho, na asiyenacho hukopa. Wageni wakiisha kwenda zao, mjane hubaki na deni la duka, na muhula ukianza watoto hurudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo. Sisi tuliokula nyama hapo tumekwisha kurudi kazini mjini. Hilo ndilo lituumalo, nalo limetokea katika maboma ambayo sote twayajua.

Wazee waliotutangulia walijua kukutana kwa faida. Tarehe 23 Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, katika Gem, wakaanzisha chama cha Young Kavirondo Association, ambacho wananchi walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walilalamikia kodi, kipande na kambi za kazi ya kulazimishwa. Mwaka wa 1922 Gavana Northey alikuja kukutana nao Nyahera, na mwaka huo huo kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi shilingi 12. Mwaka wa 1923 chama kilipata jina la Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, chini ya Archdeacon Owen wa misheni ya C.M.S. Tangu hapo wanachama walihimizwa pia kuchimba vyoo, kupanda miti na kusafisha nyumba zao. Walikuwako waliosema kwamba hayo ni mambo madogo. Lakini mwenye kuchimba choo alikiona choo chake, na jirani yake alikiona vile vile.

Mwaka wa 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake waliandikisha Luo Thrift and Trading Corporation. Fedha zake zilitoka kwa watu wa kawaida walionunua hisa, na kwa fedha hizo nyumba ya Ramogi ilijengwa hapa Kisumu.

Tena yuko mfano ulio karibu zaidi na maneno yetu ya leo. Mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na kiongozi katika Luo Union, aliuawa. Msiba ulikuwa mkubwa, na michango ilikusanywa. Waliochanga walijenga Kisumu ukumbi wa kumkumbuka, unaoitwa Ofafa Memorial Hall. Mwaka wa 1980 Serikali iliamuru vyama vya makabila vivunjwe, na Luo Union ikavunjwa pamoja na vingine. Ukumbi haukuvunjwa. Watu ambao hawakuzaliwa Ofafa alipokufa walitamka jina lake kila walipotaja mahali pa kukutania. Ng'ombe gani wa matanga awezaye kumpatia marehemu heshima ya namna hiyo?

Basi twaleta hoja mbele yenu. Katika kila mchango wa mazishi unaopitia chama hiki, sehemu moja katika kumi iwekwe kando kwa karo ya watoto wa marehemu. Fedha hizo zishikwe na mweka hazina, zitolewe kwa risiti ya shule, na zisiguswe kwa kazi nyingine. Marehemu asiyeacha watoto wa shule, sehemu hiyo imsaidie mjane au wazazi wake. Karani naye aandike katika daftari jina la kila mchangaji na kiasi alichotoa, na daftari hilo lisomwe mbele ya jamaa siku ya nane baada ya mazishi.

Twajua neno litakalosemwa. Watu watauliza: je, hatutaonekana wachoyo? Je, majirani hawatasema kwamba tulimzika ndugu yetu kama asiye na watu? Jibu la kwanza tulilipata mwaka wa 2020. Katika maradhi ya korona Serikali iliamuru waombolezaji wasizidi 15. Tuliwazika watu wetu kwa haraka na kwa uchungu, na hatutaki siku zile zirudi. Lakini tuliona kwamba marehemu hazikwi kwa hema wala kwa kipaza sauti. Jibu la pili liko kwa mama zetu. Katika nyoluoro kila mmoja huleta fungu lake, jina lake likaandikwa, na zamu ikifika mwenzao hununua mabati au hulipa karo. Hatujasikia mtu akiwaita wachoyo.

Na zamani, jirani alipoita watu wa saga, walikwenda na majembe, wakala chakula cha mwenye shamba, nao walipoondoka shamba lilikuwa limelimwa. Twaomba matanga yetu yawe hivyo.

Bwana Mwenyekiti, neno la mwisho ni kwa wazee. Kijana akisema ng'ombe mmoja atosha, ataambiwa kwamba hakumpenda baba yake. Mjane hawezi kusema hata kidogo, maana siku hiyo yeye ni wa kulia na kunyamaza. Mzee wa ukoo peke yake ndiye awezaye kusimama mbele ya watu na kusema, "Yatosha, hizi nyingine ni za watoto." Kwa hiyo twaomba hoja hii isipigiwe kura na vijana kabla wazee hawajaizungumza. Wakae pamoja leo, watuambie kama wataisimamia, maana wapo watoto wanaongojea muhula ujao.