Taa ya Udongo na Mafuta Yake

Leo tutazame taa iliyotangulia kandili na koroboi, nayo ni taa ya udongo. Wewe usomaye somo hili baada ya kulisikia, tafuta donge la udongo wa kufinyangia, ulishike tukiendelea.

Waliochimba magofu ya Kilwa Kisiwani, na ya Gedi karibu na Malindi, waliokota humo taa za udongo. Kuta za mawe za miji ile zina vishubaka vidogo; humo ndimo taa zilimowekwa, upepo usizizime.

Umbo la kwanza ni kibakuli tu. Shida yake ni kwamba utambi huteleza ukazama, mwanga ukafa. Basi zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, wafinyanzi wa Shamu na Palestina waliubana ukingo kwa vidole, udongo ungali mbichi, ukatokea mdomo. Jaribu sasa na donge lako. Utambi hulala mdomoni, ncha nje, mkia ndani ya mafuta, nayo mafuta hupanda yenyewe katika nyuzi za pamba, kama maji yapandavyo katika kitambaa kilichoning'inizwa ndooni. Baadaye Wagiriki waliukunja ukingo kwa ndani, na enzi za Warumi taa nyingi zilifunikwa, likaachwa tundu dogo la kutilia mafuta. Taa ikigongwa haikumwaga yote, wala panya hakupata pa kunywea. Hata hivyo mimi napenda zaidi kile kibakuli chenye mdomo, kwani mama ajuaye kufinyanga chungu hahitaji kufundishwa mara mbili.

Sasa sikilizeni vizuri. Taa hii iliundwa kwa mafuta ya mbegu na matunda, kama ufuta, mbarika na nazi. Usitie mafuta ya taa hata kidogo! Mafuta ya taa yakifika nyuzi 38 hivi za Selsiasi, mvuke wake waweza kushika moto. Ya ufuta au alizeti huhitaji zaidi ya nyuzi 200. Katika kibakuli kilicho wazi, mafuta ya taa huweza kuwaka yote pamoja, si utambi peke yake. Tena udongo hunyonya, na mafuta hutokeza nje.

Kwa hiyo taa yako ikishachomwa, itumbukize majini usiku kucha, uifute, ndipo utie alizeti. Iweke juu ya sahani, mbali na chandarua, mbali na watoto.