Kipele Chenye Shimo Katikati: Fangasi Walioenea Mwilini kwa Wagonjwa Wenye Upungufu wa Kinga

Mada kwa watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya, Isikizya, Wilaya ya Uyui

1. Utangulizi



Zahanati ikifurika, mgonjwa wa ngozi ndiye humalizwa upesi: anaonyesha vipele, anaandikiwa dawa ya kupaka, anaitwa mwingine. Lakini kwa anayeishi na VVU, ambaye CD4 zake zimeshuka chini ya 100, haraka hiyo inaweza kuondoa uhai. Hoja yangu ni moja: kwa mgonjwa huyo, kipele kisichoeleweka kipimwe kabla ya kupakwa dawa.

2. Ugonjwa unavyoenea

Fangasi aitwaye kriptokokasi huishi kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Huvutwa pamoja na vumbi hadi mapafuni. Kinga ikiwa imara hudhibitiwa hukohuko. Ikishuka, huingia kwenye damu, ubongo na ngozi. Histoplasma, fangasi mwingine, nayo hutoka kwenye udongo wenye kinyesi cha popo au ndege. Aina yake ya Kiafrika, duboisii, iliyopewa jina hilo mwaka 1952, hushambulia zaidi ngozi, tezi na mifupa.

Zamani ndui ilifuata misafara iliyopita Tabora, ikienea kutoka mtu hadi mtu. Fangasi hawa hawaenei hivyo. Familia ielezwe, mgonjwa asitengwe.

3. Kumtambua mgonjwa

Vipele vya kriptokokasi huwa vidogo, vigumu kiasi, vyenye kishimo katikati, mara nyingi usoni na shingoni. Hufanana mno na vile vya moluskamu. Tofauti iko kwenye maelezo ya mgonjwa: hivi hutokea vingi kwa muda mfupi, huweza kuchimbika na kuwa vidonda, na huandamana na homa, kukonda, kikohozi au kichwa kinachouma siku nyingi. Basi muulize habari za kichwa hata kama amekuja kwa ajili ya ngozi.

Penye maabara, ukwanguo wa kipele huchanganywa na tone la wino mweusi. Chini ya hadubini, fangasi huonekana kama duara lenye ukanda mweupe kulizunguka, kwa sababu wino haupenyi utando wake. Kipimo cha haraka cha antijeni ya kriptokokasi ni chepesi zaidi: tone la damu, dakika kumi, jibu limepatikana.

4. Ushahidi

Utafiti wa REMSTART, uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka na kuchapishwa mwaka 2015, ulihusisha watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200. Waliopimwa antijeni hiyo na kutembelewa na wahudumu wasio wataalamu katika wiki za mwanzo za ARV walikufa asilimia 13 ndani ya mwaka mmoja. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 18. Huko Moshi, sampuli za wagonjwa 970 waliolazwa kwa homa zilipochunguzwa, 9 walionekana kuwa na histoplasma. Ugonjwa upo, hautafutwi.

5. Mapendekezo

(a) Mwenye VVU mwenye vipele vipya na homa au maumivu ya kichwa apimwe CD4 na antijeni ya kriptokokasi.

(b) Akiwa na antijeni, apelekwe hospitali mapema ili maji ya uti wa mgongo yachunguzwe. Zahanati isimcheleweshe kwa kujaribu marhamu moja baada ya nyingine.

(c) Asipewe steroidi kwa kubahatisha; hupunguza kinga iliyobaki.

(d) Ugonjwa ukiwa umefika ubongoni, ARV zisianzishwe siku hiyohiyo. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa walioanza mapema walikufa asilimia 45, walioanza baada ya wiki tano hivi asilimia 30.

(e) Matibabu yanayopendekezwa na WHO tangu 2022 huanza na dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Akirudi kijijini huendelea na flukonazoli kwa miezi mingi, na hapo zahanati ndiyo yenye kazi: kuhakikisha dawa haikatiki.

Kwa mjadala: kituoni kwako, mgonjwa wa kliniki ya VVU (CTC) akija na vipele, nani humwona kwanza, na anajua la kumuuliza?