Habari za Kasri ya Mtoni na Wenyewe



Nyumba niliyoichagua kuwa maneno ya jioni hii ni Beit el Mtoni, kasri ya shamba iliyojengwa ufuoni, maili tatu hivi kaskazini ya mji wa Unguja.

Shamba lile hapo kwanza lilikuwa mali ya Saleh bin Haramil, Mwarabu wa Omani, naye ahesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda mikarafuu kisiwani. Mwaka 1828 Seyyid Said bin Sultan alimnyang'anya. Sababu iliyotajwa ni kuwa Saleh alifanya biashara ya watumwa kinyume cha mapatano ya 1822 baina ya Seyyid Said na Waingereza. Tafadhalini ishikeni sababu hiyo, kwa maana nitairudia.

Seyyid Said akajenga kasri. Tunayoyajua ya ndani yake, mengi twayapata kwa binti yake, Seyyida Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, akaolewa na Mjerumani, na kuchapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1886. Atuonyesha ua mpana wenye tausi, paa na mbuni. Nyumba za kuogea. Na roshani ya mbao ielekeayo bahari, ambapo baba yake alizoea kutembea huku na huku akiwaza. Wakaaji awakadiria kupita elfu. Nasi tuishio kwa kalamu yatupasa kujua kuwa binti huyu alijifundisha kuandika kwa siri, kwani wasichana wa wakati wake walifundishwa kusoma tu.

Walakini karani asomapo hati huuliza imeandikwa na nani. Katika kitabu kile kile Seyyida Salme autetea utumwa. Mimi nampenda mwandishi huyu, wala sikubaliani naye hata kidogo. Maana Saleh alinyang'anywa shamba kwa ajili ya watumwa, na aliyelitwaa akachumisha karafuu zake kwa mikono ya watumwa. Wala hali yao ya utumwa haikufutwa Unguja kwa sheria ila mwaka 1897.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Tufani ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Kasri yenyewe ikaachwa ichakae, hata moto ukaiteketeza mwaka 1914. Zilisalia kuta za mawe ya matumbawe, na zile nyumba za kuogea.