Mto Durance: Maji ya Umeme na Maji ya Mashamba

(Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu huduma za maji na nishati)



Kusini-mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Italia, ndiko unakoanzia mto Durance. Hushuka kutoka milima ya Alpi kwa zaidi ya kilomita 300 hadi kuungana na mto Rhône karibu na Avignon. Kwa asili yake mto huo haukuwa na mkondo mmoja. Maji yalitawanyika katika vijito vingi juu ya uwanda wa kokoto, yakaachana na kukutana tena mfano wa ukili unaosukwa, na kila mafuriko yalipopita, msuko ukabadilika. Theluji ilipoyeyuka, mto ulimeza mashamba. Kiangazi kikifika, zikabaki kokoto. Wenyeji wa Provence waliuhesabu miongoni mwa majanga matatu ya nchi yao, pamoja na upepo wa mistral na Bunge la jimbo, ambalo zama hizo lilikuwa mahakama kuu.

Hata hivyo, watu hao hao waliuhitaji. Mwaka 1554 mhandisi Adam de Craponne alipewa idhini ya kuchimba mfereji wa kupeleka maji ya Durance hadi mji wa Salon, na baadaye maji yakafika uwanda wa Crau. Uwanda huo ni wa mawe matupu, nayo mawe hayo yaliletwa na Durance yenyewe zama za kale, ulipokuwa ukielekea baharini kwa njia nyingine. Maji ya mfereji yalitandaza tope juu ya mawe, na leo majani makavu ya mifugo kutoka Crau yanasifika Ufaransa nzima.

Umeme ulipokuja, ulileta swali jipya. Ni kweli kwamba mitambo hainywi maji: yanaizungusha, kisha yanaendelea na safari. Ugomvi uko kwenye majira. Mwenye mitambo hupenda kuyafungulia wakati wa baridi, nyumba zinapohitaji joto. Mkulima anayataka Julai na Agosti. Aliyewahi kungoja zamu ya maji mferejini anajua kwamba yaliyokwisha kupita hayarudi.

Jambo hilo lilishughulikiwa mapema. Sheria ya tarehe 5 Januari 1955 ililikabidhi Shirika la Umeme la Ufaransa, EDF, ujenzi wa bwawa la Serre-Ponçon kwa madhumuni matatu: umeme, umwagiliaji na kuzuia mafuriko. Ukuta wake ni wa udongo, wenye kimo cha zaidi ya mita 120, na bwawa huhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.27. Kati ya hizo, milioni 200 zilitengwa kwa kilimo cha kiangazi, na Wizara ya Kilimo ilichangia gharama za ujenzi ili kuipata haki hiyo. Hapo ndipo penye busara ya mpango mzima, kwa kuwa mkulima hakuachwa ategemee hisani ya mwendesha mitambo. Katika miaka ya 2000 yaliongezwa makubaliano ambayo kwayo shirika huwalipa wakulima kwa maji wanayookoa.

Gharama nyingine zilibebwa na wengine. Kijiji cha Savines kilibomolewa na kufunikwa na maji. Kikajengwa kipya kando ya ziwa, Savines-le-Lac. Kanisa dogo la Mtakatifu Mikaeli lilisalia juu ya kilima, ambacho sasa ni kisiwa.

Huko chini, mfereji wa EDF uliyamwaga maji baridi na matope katika ziwa la chumvi la Berre, viumbe wake wakaharibikiwa, na mwaka 2004 Mahakama ya Ulaya ikaitia Ufaransa hatiani. Njia ya zamani ya mto nayo ilibakiwa na maji machache. Miti ikaota juu ya kokoto, vijito vikapungua. Waliodhani mto umefugwa walishtuliwa na mafuriko ya Januari 1994. Tangu mwaka 2014 kiasi cha maji kinachoachwa mtoni kimeongezwa.

Mwaka 2022 ukame ulilishusha ziwa kwa zaidi ya mita 10 chini ya kimo chake cha kawaida cha kiangazi. Wakulima walipunguziwa maji, boti zikakosa gati, na watu wakaweza kwenda kwa miguu hadi kwenye kanisa la Mtakatifu Mikaeli.